Kazi ya Tuta, Kazi ya Kiondo

Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba, kwa sababu ya korona, kuanzia saa moja jioni siku hiyo hakuna atakayeingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Mpaka ulipochorwa, kaunti yetu ya Machakos ilipasuliwa. Athi River na Katani zikahesabiwa upande wa Nairobi. Mji wa Machakos, Kangundo, Mwala, Yatta na Masinga tukabaki upande huu. Aliyepanga nyumba Athi River, na mama yake yuko Mutituni, hakuruhusiwa kuvuka hadi tarehe 7 Julai. Kafyu ilikuwa imeanza Machi 27, shule zilikuwa zimefungwa kabla yake, na waajiri walikuwa wameambiwa wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani.

Kazi yangu ni kuwashauri watu namna ya kupanga kazi. Kwa miaka mingi nimekaa na vyama vya akina mama, walimu wastaafu na vijana wa kazi za mtandaoni, nikiwauliza saa zao zinakwenda wapi. Aprili ile swali lilinigeukia. Nilikuwa na ripoti ya kurasa sitini, watoto watatu nyumbani, meza moja ya kulia, na mama mkwe aliyekuja kutoka upande wa Wamunyu kwa kliniki ya siku mbili akakaa kwetu miezi mitano, maana tuliogopa kumpandisha mzee matatu katikati ya ugonjwa ule. Nilikuwa nikikaa mezani saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja jioni nakuta nimeandika aya tatu, na mbili kati ya hizo ni za kufuta. Baada ya wiki mbili niliamini kwamba nimekuwa mvivu.

Nilikuwa nimekosea, na kosa lile lile naliona hadi leo kwa watu wanaonijia wakiwa na aibu usoni. Wanadhani wamepungukiwa na bidii. Ukiwauliza siku yao ilivyokwenda, saa kwa saa, unakuta hawakukaa bure hata kidogo. Walichokosa ni aina ya muda ambayo kazi yao inaitaka.

Mama mkwe ndiye aliyenifumbua macho, na wala hakukusudia. Alikuja na kiondo alichokuwa ndiyo kwanza amemaliza kitako. Kila nilipoinua kichwa nilimwona anasuka, kisha anasimama kumfungia mjukuu kiatu, anasuka, anachambua maharagwe, anazungumza na jirani kupitia ua, anasuka tena. Hakuna siku niliyomwona amekaa na kiondo saa mbili mfululizo. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa amemaliza viwili na ameanza cha tatu. Mimi, niliyekaa mezani kutwa, nilikuwa ukurasa wa kumi na moja.

Anayejua jinsi kiondo kinavyosukwa hatashangaa. Kiondo huanzia katikati ya kitako. Nyuzi za mkonge husokotwa kwa kiganja juu ya paja, hupangwa zikatawanyika kama miale ya jua, kisha uzi mwingine huzipitia moja baada ya nyingine, duru juu ya duru, mpaka kitako kipande kuwa ukuta. Popote utakaposimama, hakuna kinachoharibika. Ukirudi baada ya dakika tano au baada ya siku tano, kidole chako kinagusa uzi wa mwisho na kinajua pa kuanzia. Kumbukumbu yote ya kazi iko ndani ya kazi yenyewe. Ndiyo maana wanawake wa Ukambani wamesuka wakienda sokoni, wakingoja maji kisimani, wakisikiliza mkutano wa chifu. Ni ufundi uliozaliwa na siku iliyokatwakatwa, na umekaa ndani ya siku hiyo kama mkono ndani ya glavu.

Ripoti haiko hivyo. Ili niandike sura moja nilihitaji kushika mambo saba kichwani kwa pamoja. Mtoto akiuliza chaja iko wapi, jibu ni sekunde mbili, lakini yale mambo saba yameshadondoka, na kuyaokota upya kunachukua muda mrefu kuliko swali na jibu lake mara nyingi. Maswali kumi na mawili kwa asubuhi yanatosha kuimaliza asubuhi. Mtu aliyetoka nje ya nyumba hiyo angesema, “Lakini ulikuwa nyumbani siku nzima.” Siku nzima ndiyo, lakini hapakuwa na saa moja nzima.

Kwa hiyo nimezoea kuzigawa kazi za nyumbani mara mbili. Ziko kazi za kiondo, zinazokubali kukatizwa, na ziko kazi za tuta.

Tuta nalo lina historia yake hapa, na naomba msomaji anivumilie niieleze, kwa sababu sijui mahali pengine Afrika Mashariki ambapo watu waliokaa nyumbani wamebadilisha sura ya nchi namna hii. Panda juu ya vilima vya Iveti uangalie chini: miteremko imekatwa ngazi ngazi. Kila ngazi ilianza na mfereji wa futi mbili upana na futi mbili kina, uliochimbwa kufuata usawa wa kilima, udongo wake ukitupwa upande wa juu. Hiyo ndiyo fanya juu, na jina hilo la Kiswahili ndilo lililoingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani. Ukitupa udongo chini unapata fanya chini, ambayo ni nyepesi kwa mgongo, lakini haikupi shamba bapa upesi. Ukitupa juu, mvua inakufanyia nusu ya kazi: udongo unaoteremka unazuiwa na ukingo, mwaka hadi mwaka, mpaka mteremko unalala wenyewe.

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandikia wilaya hii tanzia. Walisema imekwisha, ardhi imebaki mifupa. Wakalazimisha mambo, na watu wakakataa. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga mifugo yao kuchukuliwa, naye akahamishiwa Lamu. Matuta yaliyochimbwa kwa amri mengi yalitelekezwa. Yaliyodumu ni yale watu waliyoyachagua, hasa kuanzia miaka ya 1950, kisha tena miaka ya 1970 na 1980. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipokusanya ushahidi wa miaka sitini na kuuchapisha mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu mwanzo wa miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda.

Nani aliyechimba? Wanaume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa, jeshini, katika reli. Sehemu kubwa ya jembe lile ilishikwa na wanawake waliobaki nyumbani, wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba ambazo kwetu ndizo za kutegemewa kuliko za Machi. Na hapa ndipo penye somo ambalo nimelikosa katika vitabu vya kigeni vya kupanga muda. Wale wanawake hawakuwa na muda zaidi ya wenzao. Walikuwa na watoto wale wale, maji ya mbali yale yale, kuni zile zile. Tuta haliwezi kuchimbwa kwa vipande vya dakika kumi. Jua likishapanda huwezi, mwili ukishapoa huwezi. Kwa hiyo walitengeneza muda mzima kwa pamoja. Walikusanyika kwa mwethya: leo shamba lako, kesho langu. Mmoja au wawili wakabaki na watoto wote chini ya mti, wengine wakapika isyo, chakula cha kila mtu, na waliobaki wakachimba. Kila mmoja alipimiwa hatua zake kwa fimbo asubuhi. Aliyemaliza kipimo chake alisaidia wa pembeni au alipumzika akionekana na wote kwamba amemaliza.

Niliwahi kumuuliza bibi mmoja wa Kola, aliyechimba matuta akiwa msichana, kama kipimo kile hakikuwa mzigo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji ni mzigo kwa mwenye kiu. “Mwanangu,” akasema, “bila kipimo kazi ya nyumbani haina jioni.”

Tangu siku hiyo maneno hayo nimeyarudia mbele ya vikundi vingi. Kazi ya ofisini ina jioni: kengele, lango, matatu ya saa kumi na moja. Kazi ya nyumbani isipopewa kipimo inamwagika usiku na mchana, nawe unakuwa hujafanya kazi na hujapumzika. Mwingereza C. Northcote Parkinson aliligusa jambo hili mwaka 1955 alipoandika kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliyopewa. Mfano wake ulikuwa bibi mwenye nafasi tele, anayemaliza siku nzima kwa kumwandikia mpwa wake kadi moja. Parkinson alikuwa akiwashambulia maofisa wa serikali, lakini ukimsoma ukiwa nyumbani unajiona. Mimi naongeza kwamba kutanuka huko si ulegevu wa mtu. Kazi isiyo na ukingo hutawanyika kama maji ya mvua kwenye mteremko usio na tuta, ikiondoka na udongo.

Ushahidi wa karibuni unakubaliana na wale akina mama kuliko watu wanavyofikiri. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake walifanya jaribio katika kampuni ya usafiri ya Ctrip kule Shanghai, ambako wahudumu wa simu walipelekwa nyumbani kwa miezi tisa na kulinganishwa na wenzao waliobaki ofisini. Wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, mara nyingi bila masharti yake. Waliochaguliwa walitakiwa wawe na chumba cha peke yao cha kufanyia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya simu, moja baada ya nyingine, kila moja ikihesabika: kazi yenye kipimo tayari. Na miezi tisa ilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, sababu kubwa ikiwa upweke. Chumba, kipimo, na watu wa kukaa nao. Mwethya ilikuwa na viwili kati ya vitatu, na badala ya chumba ilikuwa na shamba la jirani, ambako mtoto wako hawezi kukuita.

Sasa niseme jambo ambalo washauri wengi wa kazi hulikwepa. Muda mzima ndani ya nyumba ni mali, na haugawanywi sawa. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia muda wa karibu mara tano ya wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa siku ya kawaida, maana yake ni kwamba baba akisema “nafanya kazi” mlango unafungwa, na mama akisema neno hilo hilo sufuria inaendelea kumwita. Mume hupewa muda wa tuta, mke huachiwa muda wa kiondo, halafu wote wawili hulaumiwa au husifiwa kana kwamba walianza mstari mmoja.

Hilo lina bei yake. Kiondo cha mkono kinaweza kumeza majuma ya jioni na asubuhi, na mnunuzi hulipia kikapu. Kwa sababu saa zake zilikuwa vipande, hakuna anayezihesabu, hata msusi mwenyewe. Vikundi ambavyo nimeona vikipata bei bora ni vile ambavyo wanachama wake walianza kuandika saa kwenye daftari. Mara ya kwanza walipojumlisha, chumba kilinyamaza. Ni mara chache nimeona namba zikimwingia mtu moyoni kama siku ile.

Kwa hiyo mtu anayekabiliwa na muda mrefu nyumbani, na hapa Machakos ni wengi, simwambii kwanza aamke mapema. Namwambia aandike kazi zake zote, kisha kila moja aiulize: ukikatizwa, unaharibika? Kujibu ujumbe, kupanga risiti, kukunja nguo, kusikiliza kipindi cha mafunzo redioni, kumwagilia sukumawiki, kupigia wateja simu: viondo. Kuandika, kufanya hesabu za mwaka, kujifunza programu mpya, kushona nguo ya kipimo, kusomea mtihani: matuta. Wengi hufanya kinyume bila kujua. Ile saa moja tulivu waliyoipata wanaimaliza kwa ujumbe wa simu kwa sababu unaanzika kirahisi, kisha wanajaribu kuandika barua ya maombi ya kazi katikati ya kelele za saa saba mchana.

Tuta moja kwa siku linatosha. Wale wa mwethya hawakuchimba kutwa. Walianza alfajiri na jua kali likawakuta wanafunga. Mwandishi, mwanafunzi au mhasibu anayepata saa mbili na nusu nzima kila siku nyumbani amepata zaidi ya wanavyopata wengi ofisini. Saa zinazobaki ni za viondo, na zisionewe aibu.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwezi Novemba anakaa nyumbani hadi Agosti au Septemba kabla ya kuitwa chuo. Ni karibu misimu miwili ya mvua. Wazazi humpa kazi zote za viondo, kuanzia mbuzi hadi dukani, maana yupo. Kisha wanashangaa mbona hakujifunza kitu. Mpe saa zake mbili zisizoguswa, na umuulize jioni amefika wapi. Swali hilo la jioni lina nguvu kuliko zile saa zenyewe.

Mstaafu ni habari nyingine, na kwake nina uchungu zaidi. Mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60 ametoka katika maisha ambayo kengele ilimkatia muda tangu utotoni. Anarudi Kathiani au Masii, siku za kwanza anafurahi. Kisha kila mtu wa kijiji anagundua kwamba mwalimu yupo: kamati ya mazishi, kesi ya mpaka, barua ya kuandikiwa fulani. Anakuwa mtu wa viondo vya watu wengine. Mstaafu mmoja ninayemfahamu alijenga kibanda cha mabati kando ya mwembe, hatua hamsini kutoka mlangoni, na kila asubuhi hukiendea akiwa amevaa shati lenye kola. Mke wake anawaambia wageni, “Mwalimu yuko kazini, atatoka saa nne.” Ndani ya kibanda anaandika historia ya shule aliyofundisha. Hatua hamsini tu. Lakini mgeni hawezi kusema hakujua.

Wachongaji wa Wamunyu pia walijua thamani ya mahali pa kazi. Mmoja wao, Mutisya Munge, alipojifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ufundi ulirudi naye ukakaa katika familia, mtu akichonga uani kwake. Baadaye waliungana katika chama cha ushirika, wakawa wanakaa kando kando bandani, kila mmoja na mti wake. Hawachongi kitu kimoja. Twiga ni wa huyu, sinia ni ya yule. Wanachoshirikiana ni mlio wa tezo la jirani, unaokuambia kwamba asubuhi imeanza na wewe bado.

Simu sitaijadili sana. Kila mtu anajua. Iwekwe chumba kingine. Stima ikipotea, na itapotea, uwe na tuta la kalamu na karatasi tayari, usikae ukiitazama taa.

Mwisho wa Mei ule niliitisha kikao cha nyumbani, sote sita. Niliwaeleza kuhusu tuta na kiondo, nikitumia kile cha mama mkwe kama mfano, naye alicheka kwa furaha kuona kikapu chake kimegeuka somo. Tulikubaliana kwamba saa kumi na nusu alfajiri hadi saa moja ni yangu. Mume wangu alichukua uji, maziwa na kuwaamsha watoto, jambo ambalo halikuwa dogo kwake, na kwa wiki ya kwanza uji ulikuwa na mabonge. Mama mkwe, ambaye huamka kabla ya jogoo kwa hiari yake, alivuta kigoda chake hadi pembeni ya meza. Hakusema kitu. Alisuka tu, uzi ukisikika unapita. Kila siku kabla sijafungua kompyuta aliniuliza ninataka kufika ukurasa gani leo, nami nikamtajia. Saa moja watoto walipotokea, aliinua macho.

“Umefika?”

Siku nyingine nilisema ndiyo, siku nyingine nilisema bado kurasa mbili. Alitikisa kichwa kwa namna ile ile kwa majibu yote mawili, akaingiza uzi katika kiondo na kwenda kuonja uji wa mwanawe. Ripoti niliipeleka tarehe 3 Julai, siku nne kabla barabara ya Nairobi kufunguliwa.